Mama Karanga na Mchanga wa Kasa

Mwaka ule tulikula mbaazi bila nazi. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa tarehe. Akisikia hivyo anajua ni mwaka wa maradhi, hoteli za Shanzu zilipofunga milango moja baada ya nyengine na watu wakavua sare wakaketi vibarazani kutazamana. Mahamri yalikuwa unga na maji, hiliki tukiitaja kwa jina tu. Kisha mbaazi nazo zikaadimika, tukashukia muhogo wa kuchemsha, na chumvi tulikuwa nayo tele, kwa kuwa bahari peke yake ndiyo haikufungwa.

Hapo ndipo nitakapomuanza Mama Karanga, kwenye njaa, maana mtu humjui mpaka umuone na njaa yake mbele ya nyama. Alizaliwa na nani, aliolewa na nani akaachwa na nani, hayo mtamuuliza Mola wake. Mimi nilimkuta pwani mbele ya karai la mafuta, nami nikaweka jiko langu la viazi vya karai ubavuni mwake, tukazeeka hivyo. Jina lake ni la kazi. Kila mwanamke anayekaanga samaki kwenye diko, pale wavuvi wanaposhukia, huitwa mama karanga. Wako wengi. Lakini kwetu ukisema Mama Karanga hakuna aliyeuliza yupi.

Basi asubuhi moja ya mwaka huo akaja kijana wa bara, mpishi wa hoteli aliyeachishwa kazi, na furushi la gazeti kwapani.

"Mathe, nikaangie hii mbio mbio."

"Mathe ni nani? Mathe umemuacha kwenu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni nini?"

"Nyama ya ng'ombe."

Mama Karanga akafunua gazeti, akainama, akanusa. Akayagusa mafuta ya ile nyama kwa kidole. "Ng'ombe wako alikula majani mangapi mpaka mafuta yake yakawa ya kijani?"

Kijana akatazama chini. Ilikuwa nyama ya kasa. Harufu ile naijua, na siwafichi, mate yalinijaa. Nyumbani Magogoni nilikuwa na wajukuu waliokuwa wakilamba sufuria lililokwisha oshwa. Mama Karanga akalifunga furushi, akachimba shimo nyuma ya banda kwa mikono, akalifukia, akakanyaga juu. Kisha akampa kijana tafi wawili wa kukaanga, akamwambia aende akale na watoto wake na asirudi tena na ng'ombe wa aina ile.

Mimi nilighadhibika. Nilitaka kumpiga mwiko wa kichwa. "Wewe mwanamke una wazimu? Keshachinjwa! Wamfukia maiti kwa faida ya nani?"

"Shoga," akanambia, "hebu fikiri tumeketi sinia moja, watu wote wa pwani hii. Tumekula, tumekula, kimebaki kipande kimoja katikati. Wewe ulilelewa. Kipande cha mwisho wakigusa?"

"Nikiwa na njaa nakigusa."

"Basi hukulelewa."

Akarudi kwenye karai lake. Siku mbili sikumsemesha, na yeye hakuona.

Msidhani alikuwa mtu mwema. Watu wakishakuwa mbali huvalishwa wema kama sanda, na mimi sitaki kumvalisha. Alikuwa na ulimi wa kukwangulia magamba. Alipunja: samaki wa jana akimchanganya na wa leo, na ukimuuliza akikujibu kwamba hata wewe si wa leo. Wanawake wa bara wenye waume bandarini, waliokuja kununua huku wameziba pua, aliwauzia vichwa. Mtu akimsifu mbele ya watu alimtazama kama aliyemkanyaga kidole.

Na kasa alimla, alimla kuliko sisi sote. Ujana wake yeye ndiye aliyekuwa akiitwa harusi zikiwa na kasa wa kupikwa, akijua kumtokosa na kumtia nazi ya pili na ya kwanza mpaka watu wakasahau bibi harusi. Mafuta yake aliyaweka chupani kwa watoto wenye kifua. Ustadhi wetu alipomwambia wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kasa, huyu asema halali na huyu asema haramu, alimjibu, "Wao wamekhitilafiana, sufuria langu halikukhitilafiana na mtu." Hata alipoacha hakuwahi kusema kwamba nyama ile mbaya. Alisema, "Naiota. Naamka natafuna mto."

Kwa nini aliacha? Kila mtu alipewa sababu yake. Ustadhi aliambiwa kwamba amerudi kwenye kauli ya haramu, akafurahi. Wavuvi waliambiwa aogopa jela, wakamcheka. Watu wa wanyamapori walipokuja na semina yao aliwaambia aipenda sheria ya nchi, wakampa fulana. Mimi niliambiwa habari ya sinia. Nadhani yangu ndiyo ya kweli, lakini huenda kila mmoja wetu adhani hivyo.

Sasa niwaambie habari ya mchanga, kwa kuwa hasira yangu yote iko hapo.

Kati ya banda lake na miamba kulikuwa na kipande cha mchanga. Si kikubwa. Watoto wakicheza mpira pale, mpira huingia majini kila mara. Lakini kasa walikuwa wakikipenda, na kasa akipenda mahali harudi nyuma. Mama amezaa pale, binti atakuja kuzaa pale, hata apite bahari ngapi. Hupanda usiku, akachimba, akataga, akafukia, akarudi majini. Tatizo ni kwamba ni mzito. Akijiburuza huacha mburuzo mchangani kama gurudumu la trekta, na mwizi wa mayai hahitaji elimu. Aufuata tu ule mburuzo, mwisho wake achimbe.

Kwa hiyo kila alfajiri, akishasali, Mama Karanga alishika fagio la chelewa akafagia pwani. Wageni walimuona kichaa. Nani afagiaye pwani? Alifagia mburuzo wote mpaka kwenye maji, na mahali penye mayai akatupa kuti moja au mawili, ovyo ovyo, kama yaliyoanguka yenyewe. Jua likitoka, mchanga ulikuwa laini kama shuka la hospitali. Wezi wakija huona usafi tu.

Hiyo ilikuwa nusu ya ulinzi wake. Nusu ya pili ilikuwa mdomo. Mtu asiyemjua akiuliza habari za kasa, awe mtalii, awe mchuuzi, awe mwenye koti, jibu lilikuwa moja: "Kasa gani? Hapa hapana kasa. Nendeni Watamu." Na sisi sote tukamuigiza, wavuvi, wapara samaki, mimi na viazi vyangu. Hapa hapana kasa. Tulilisema kama salamu. Mtoto wa pale alijua kulisema kabla hajajua kuhesabu. Tukajiona werevu.

Kisha akaja Binti. Tulimwita hivyo, binti wa wanyamapori, msichana wa bara mwenye kofia kubwa na subira kubwa zaidi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya karai.

"Shikamoo, mama. Natafuta kobe wa bahari."

"Kobe wa bahari?" Mama Karanga akaweka mwiko chini. "Mwanangu, kobe ni wa shamba. Ukimtia baharini atakufa, na dhambi utaibeba wewe."

"Namaanisha wale wakubwa, wanaotaga mayai mchangani."

"Hao ni kasa. Na hapa hapana kasa."

Msichana mwengine angekwenda zake. Huyu alinunua samaki, akaketi juu ya kreti lililopinduliwa, akala, akashukuru, akaondoka. Kesho yake akaja tena. Hakuuliza. Alikuja hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Mama Karanga akaanza kumwekea mkia wa changu uliokauka vizuri, kisha akaanza kumsahihisha Kiswahili chake, na huyo akimsahihisha mtu ujue ameshampenda. Mwisho Binti akadamka alfajiri moja, akamkuta na fagio.

Nilikuwa nikiwasha jiko langu, nikasikia kelele.

"Mama! Unafuta!"

"Nafagia."

"Unafuta nyayo zao! Mimi nikija saa tatu naona mchanga safi, naandika hakuna kasa. Nairobi wanasoma hakuna kasa. Mama, asiyeandikwa hayupo!"

"Na anayeonekana huliwa. Chagua lako."

Walisimama wakitazamana, mmoja na fagio, mmoja na kofia, na wallahi mpaka leo sijui nani alikuwa na haki. Nadhani wote wawili. Wakapatana: Binti atakuja kabla ya jua, ataonyeshwa, atahesabu, kisha fagio lipite. Ikawa hivyo muda mzuri. Nilikuwa nikiwasikia wakicheka huko chini kwenye miamba kabla mafuta yangu hayajachemka.

Ni Binti huyo aliyetufungua macho kwamba kasa wetu si wetu peke yetu. Wavuvi walimnasa mmoja kwenye wavu, ana kipande cha chuma kwenye kikono chake cha mbele, na nambari. Binti akaipeleka nambari hiyo kwa simu kwa watu wake, jibu likarudi: kasa huyu alivalishwa chuma hicho visiwani Komoro. Mama Karanga alifurahi kama aliyeletewa posa. Alimtembeza kwa maneno diko zima. "Mgeni wetu wa Ngazija! Ana kitambulisho kipya, changu mimi sura imefutika!" Binti akatueleza kwamba nchi zinazoizunguka bahari hii zimekaa pamoja zikakubaliana kumlinda, maana akila huku huzaa kule, na ukimchinja hapa umemuibia jirani. Mama Karanga alisikiliza na mwiko mkononi mpaka samaki wakaungua. Ilikuwa mara ya kwanza kuona samaki wake wakiungua.

Hoteli zikafunguliwa. Nazi ikarudi kwenye mbaazi. Na kiwanja kilicho juu ya mchanga wetu, kilichokuwa magugu miaka yote, kikapata mwenyewe.

Kwanza wakaja wanaume wenye mabuti. Binti alikuwa ameitwa semina mbali. Walitembea juu ya mchanga jua limeshapanda, mchanga umeshafagiwa, wakapiga picha. Kisha mmoja akasimama mbele ya karai, mpole, mwenye kicheko, akanunua samaki wa kumtosha.

"Mama, ninyi wakaazi wa hapa ndio mnaojua. Kasa hupanda pwani hii?"

"Kasa gani?" akasema Mama Karanga. "Hapa hapana kasa. Nendeni Watamu."

Akashukuru. Akaniuliza na mimi. Nikasema lile lile.

Nyinyi mnaosoma mmeshajua. Sisi hatukujua. Tulidhani ni wezi wa mayai wenye mabuti.

Walipoweka hema la kuwauliza watu maoni kuhusu jengo la hoteli na ukuta utakaoshuka mpaka mchangani, tulikwenda sote. Viti vya plastiki, maji ya chupa za plastiki kila kiti, na juu kitambaa kimeandikwa tulinde mazingira. Binti alikuwepo, amerudi, uso umemsawijika. Mama Karanga akasimama na kusema kwamba ukuta ule utawafungia kasa njia. Yule mpole mwenye kicheko akafungua karatasi zake akasoma kwa sauti: mkaazi wa eneo, mfanyabiashara wa samaki, amethibitisha kwamba pwani hii haina kasa.

Watu wakacheka. Naam, walicheka. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha pwani, mtu tuliyemchagua kwa mikono yetu, alicheka mpaka akapangusa macho.

Sasa niacheni niseme. Mwanamke yule lau angesema pale chini pana mafuta ya petroli, wangeleta mashine kuhakikisha. Lau angesema pana dhahabu wangemwambia aache uwongo, akakaange samaki. Akasema hapana kasa, na neno lake likawa fatwa! Miaka yote hakuna aliyemuuliza kitu akaamini jibu lake, si bei, si upya wa samaki. Siku aliyodanganya kwa kumlinda mnyama, siku hiyo ndiyo wakaamini, kwa kuwa ndilo jibu walilokuja nalo mfukoni. Binti alisimama akasema yeye amehesabu viota kwa macho yake. Wakamwambia hesabu zake zipitie ofisini kwake kwanza. Zikapita ofisini. Mpaka leo zinapita.

Mama Karanga hakuketi. Akawauliza swali moja. "Mwaniambia nchi zote za bahari hii zimekubaliana. Huyu mwenye kiwanja, yeye ni nchi gani, asiyekuwamo?"

Mwenyekiti akamwambia, "Mama, keti, wageni wana haraka."

Ukuta ukajengwa. Mawe ya machimbo ya Mwakirunge, saruji, na juu yake taa nyeupe kama za uwanja wa mpira. Na bahari si mjinga. Ukiipiga kofi hulirudisha. Mawimbi yaliyokuwa yakija kulala mchangani yakawa yapiga ukuta na kurudi na kiganja cha mchanga, kila siku kiganja, mpaka mwamba ukajitokeza, mweusi, wenye ncha, kama ufizi uliong'olewa meno. Mama Karanga aliendelea kufagia huku pahali pa kufagia papungua. Alifagia mpaka fagio likawa lakwaruza jiwe.

Kabla mchanga haujaisha, kasa mmoja alipanda akataga chini kabisa, karibu na maji. Mradi ukaundwa hapo hapo, mradi wa kuokoa kasa, na mfadhili wake si mwengine ila mwenye ukuta. Mayai yakahamishiwa bustanini kwake, yakazungushiwa waya, na kila mgeni aliyelala pale akapigwa picha nayo. Na siku ya watoto kutoka ikatangazwa kuwa sherehe, na mgeni rasmi akaalikwa.

Hapa Mama Karanga nami sitamficha. Alipenda sherehe. Alipenda hema, alipenda ngoma, alipenda kuitwa jina lake kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti alipokuja kuazima karai lake kubwa la kuwatilia watoto wa kasa, hakukataa. Alilisugua kwa jivu na ndimu mpaka likawa kioo, akalichukua mwenyewe kichwani, na leso mpya, na wanja.

Watoto walitoka alfajiri. Wadogo, weusi, kila mmoja kama kishikizo cha koti, na wote mbio, mbio, wataka bahari. Wakatiwa karaini na maji. Binti akasema, "Tuwaachie sasa. Sasa hivi ndipo wana nguvu, wakikaa zitaisha."

"Na mgeni rasmi aachilie nini?" Mwenyekiti akamuuliza. "Kaa?"

Tukangoja. Wajua sisi na mgeni rasmi. Mchele hautelekwi, mtoto hapewi jina, barabara ikitengenezwa haipitwi, mpaka mgeni rasmi afike. Tukaambiwa mgeni yuko Nyali. Tukaambiwa mgeni yuko njiani. Tukaambiwa mgeni amepitia kwa mheshimiwa kunywa chai. Na wale watoto karaini wanaogelea. Wanazunguka, wanazunguka, wadhani ndiyo bahari, wakitafuta mwisho wake. Jua likapanda. Mama Karanga alivua leso yake mpya akawafunika. Binti akamuomba Mwenyekiti tena, akamuomba na mwenye mradi, na kila aliyeombwa alitazama simu yake akasema dakika chache.

Adhuhuri ikapita. Mgeni akaja na ving'ora, akahutubia, kisha wengine wakahutubia kumsifu alivyohutubia. Alipoingiza mkono karaini akainua mmoja, kikono kimelegea, kichwa kimelegea. Picha zikapigwa. Akawaweka kwenye maji, na wimbi la kwanza likawarudisha. Wimbi la pili likawarudisha. Wakabaki pale ukingoni wakipepesuka, na kunguru wa hotelini, wanaojua saa ya chakula kuliko watalii, wakashuka.

Mshereheshaji akasema, "Makofi!"

Watu wakapiga makofi. Mama Karanga alikuwa magotini ndani ya maji na kiatu mkononi akipiga kunguru, kichwa wazi, na alimtukana mgeni rasmi tusi ambalo mimi, kwa umri wangu huu, siliandiki. Kisha akalishika karai lake, akamgeukia Mwenyekiti. Nilidhani atamtupia. Akalipindua tu, maji yakamwagika miguuni pake mwenyewe, akaenda zake nalo.

Baada ya hapo walimvunjia banda. Walisema ni njia ya wageni. Langu pia, lakini mimi nina nyumba Magogoni na mlango wa kuuzia. Yeye alikwenda kwa bintiye Mwakirunge, juu huko kwenye machimbo ya mawe, ambako upepo ukigeuka moshi wa jaa la taka huingia mpaka ndani ya chandarua. Mtu aliyeishi na chumvi ya bahari kwenye nyusi maisha yake yote, sasa nyusi zina vumbi la mawe. Vumbi la mawe yale yale. Nikifikiri hivyo damu hunichemka, na sitaki mtu aniambie nisubiri, Mungu yuko. Mungu yuko, najua. Mwenye ukuta naye yuko.

Nilikwenda kumuona mwaka huu, mbaazi zina nazi tele na hakuna anayezifurahia. Nilimkuta uani kwenye mkeka akichagua dagaa, amekonda, ulimi haujakonda. "Umenenepa, shoga," akanambia. "Viazi vyako unavila mwenyewe?" Tukacheka. Tulikuwa tunacheka hivyo gari la mradi liliposimama mlangoni, jeupe, na kasa amechorwa ubavuni akitabasamu. Akashuka Mwenyekiti. Nyuma yake akashuka Binti, bila kofia.

Mwenyekiti aliketi, akauliza hali, akauliza wajukuu, akauliza miguu. Kisha akatoa fulana kwenye mfuko. Jengo sasa limekamilika lote, lafunguliwa rasmi, akasema. Wamejenga sanamu ya kasa ya saruji langoni. Watoto wa kasa wataletwa kwa gari kutoka pwani nyengine ili wageni wawaachilie. Na wamemchagua yeye kuwa Mama wa Kasa.

"Utaketi kiti cha mbele, mama. Utakata utepe. Picha yako itawekwa kubwa ukutani."

Mama Karanga alitoa kichwa cha dagaa, akakitupa kwa paka. "Sitaki. Rudisheni mchanga, ndipo mniite."

Mwenyekiti akacheka kile kicheko chake cha hemani. "Mama, mchanga ni wa Mungu. Bahari imeuchukua, nani ataurudisha?" Akanitazama mimi nimsaidie, nikatazama ukuta wa choo. Akasema wazee wanaotaka heshima wako wengi, akaiacha fulana juu ya mkeka, akaenda kukaa garini na kufungua redio.

Binti alibaki. Alipiga magoti pale kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, akamshika mikono iliyojaa magamba.

"Mama, sikuja kwa ajili yao. Kuna pwani ambazo bado hazijajengwa. Ukija, utasema mbele ya wakubwa wote, na safari hii hawawezi kusema hukusema. Usipokuja watamkalisha mwengine kwenye kile kiti, atasema asante, ataketi. Na mimi ofisini wataniuliza kwa nini nimeshindwa kukuleta." Akaibana ile mikono. "Nakuomba mimi. Mimi mwanao."

Mimi ningekwenda. Nasema kweli. Ningevaa ile fulana, ningeketi kile kiti, kwa kumuonea huruma mtoto yule tu. Na Mama Karanga alimpenda. Nilimuona akichukua ncha ya leso, akaitia mate, akampangusa vumbi shavuni kama mama anayempeleka mtoto chuoni kusoma Kurani. Alimpangusa shavu la kulia, akampangusa na la kushoto. Alimsogezea mkeka aketi vizuri. Nikasema moyoni, haya, amelainika, ataenda.

Akamtazama machoni, akasema kwa sauti ile ile aliyomjibu nayo Mwenyekiti:

"Sitaki. Rudisheni mchanga, ndipo mniite."